Kiti Hiki Umekipenda?

Miaka ile ya Ujamaa, shule nimeiacha darasa la sita, nilikuwa na haja moja tu: kuiona Kigoma. Igunga nilishafika kwa lori, Puge kwa miguu, lakini ziwa nililisikia tu midomoni mwa wenzangu. Ndipo akaja Tabora Mzungu mmoja, msanii, akitafuta mkalimani wa kwenda naye huko kwa gari moshi. Nauli yangu juu yake.

Sanaa yake mpaka leo sijaielewa. Haikuwa ngoma, wala maigizo. Alisoma vitabu vya wataalamu wa mila, kisha akasimama mbele za watu na kujipandisha pepo asiyekuwapo. "Mwili wangu unauliza swali," aliniambia. Nikamsihi swali hilo asiliulize mtaani kwetu Isevya. Wapi!

Alasiri ya safari akajipaka unga, akaketi juu ya kigoda alichonunua sokoni, akaanza kutetemeka na kunguruma katikati ya uwanja. Mimi nimesimama kando na mabegi yake, naliangalia jua. Watu walicheka. Jirani yangu mmoja, mama mganga, hakucheka. Alivua kanga ya begani, akamfunika, akapiga magoti.

"Shikamoo, babu. Karibu."

"Marahaba!" Hilo alilijua.

"Kiti hiki umekipenda?"

Kila mtu pale alijua kwamba kiti ni yule aliyepandwa na pepo. Kila mtu, ila yeye. Akakipapasa kigoda chake.

"Ndiyo! Kizuri sana!"

"Utakaa?"

"Nitakaa, mama. Asante."

Vigelegele! Nikatupa mabegi. "Mama, anasema kigoda! Huyu anaigiza tu!"

"Wewe nawe, tangu lini pepo akataka mkalimani?" Wanawake wakaangua kicheko. "Akishasema anakaa, kiti hakisafiri mpaka tumtulize. Au unataka amvunje shingo njiani?"

Nikamweleza Mzungu yote, neno kwa neno, nikingoja aombe radhi tukimbilie stesheni. Badala yake machozi yakamlengalenga. Akasema hii ndiyo sanaa aliyoitafuta maisha yake yote, Kigoma itangoja.

"Kigoma itangoja, na mimi je?"

Hakunisikia. Walishampa kata ya dawa, anakunywa kama togwa. Kule stesheni gari moshi likapiga honi. Akafuta mdomo, akaniomba nimsogezee kiti.

"Kipi?" nikamuuliza.