Siku Mama Alipomwita Kasimiri

Nyie mnaosema kaka yangu Kasimiri alikuwa mtu wa kujitenga, mwenye maringo ya Kopabelti, hebu nyamazeni kwanza. Mimi Marsela nimenyonya ziwa moja naye, na yote yalitokea machoni pangu. Hakujitenga hata kidogo. Alitengwa, tena kwa adabu na sahani nzuri, na mimi mpaka leo nikikumbuka nasikia hasira.

Aliondoka kabla ya uhuru, mimi nikiwa bado nafukuza ndege kwenye mpunga. Wakati ule vijana wa kwetu Upimbwe walikwenda kuchimba shaba Rodeshia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia. Sisi kote huko tulikuita Kopabelti. Baba alimwambia hata hapa Mpanda wazungu wana mgodi, kafanye kazi hapo uwe unarudi kula ugali wa mama yako. Ng'o! Kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Alisema anakwenda miaka miwili tu, anunue baiskeli na cherehani, arudi aoe. Miwili ikazaa mingine. Mwanzoni tulipata salamu kwa midomo ya waliorudi, halafu kimya.

Mwaka wa sitini na tisa akarudi Enoka, kijana wa jirani zetu aliyekuwa huko huko migodini. Alifika kwetu kofia iko mkononi. Akasema Kasimiri Mtanganyika amefukiwa na mwamba chini ya ardhi. Baba akamuuliza, "Ulimwona?" Enoka akasema maiti haikutolewa, lakini jina alilisikia vizuri kabisa. Kosa lilikuwa hapo. Kule migodini watu wetu wote waliitwa Watanganyika, awe Mfipa, awe Mkonongo, awe Mpimbwe. Aliyekufa alikuwa Kasimiri mwingine, kijana wa Ufipa. Sisi tungejuaje?

Tukalia. Mama yetu, Pelagia, alilia mpaka sauti ikamkauka, akawa anafungua mdomo tu. Tukanyoa vichwa. Kwa kuwa hapakuwa na maiti, baba mdogo Salvatori, aliyekuwa mshika mila wa ukoo wetu, alikata gogo la mninga, wakalivisha shati ambalo kaka alikuwa ameliacha, wakalizika nyuma ya nyumba na kusimika msalaba wenye jina lake. Padri naye akasoma misa ya marehemu. Hakuna kilichokosekana, isipokuwa marehemu mwenyewe.

Mwaka uliofuata nilijifungua mtoto wa kiume. Mama akampakata, akamtazama, akasema, "Kasimiri amerudi." Kwetu jina la mtu halilali kaburini na mwili, linapewa mtoto wa ukoo, na mtoto huyo anatunzwa kama mwenye jina. Tangu siku hiyo mama hakulia tena. Mtoto akipiga chafya tu, bibi yake keshafika. Hakumwita mjukuu, alimwita mwanangu. Baba yetu alikufa baadaye kidogo, naye akazikwa kando ya lile gogo.

Halafu ikaja ile hamahama ya vijiji. Tuliamriwa kuacha nyumba na miembe yetu, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara ya kwenda Sitalike. Mwaka wa sabini na tano, mvua zikiwa bado zinanyesha, lori la Sumbawanga likamshusha kaka yangu. Yeye hakuwa na habari ya vijiji vipya. Akakata porini hadi kwetu kwa zamani, akakuta mahame, majani yamemzidi kimo. Akazunguka nyuma ya nyumba iliyobomoka, akasoma jina lake kwenye msalaba. Aliniambia alisimama pale akacheka peke yake, kisha kicheko chake mwenyewe kikamtia hofu.

Mimi nilikuwa napepeta yale mahindi ya njano ya msaada nilipoona mtu mrefu, koti zito, mabuti ya mgodini, anakohoa. Akasema, "Marsela, ni mimi." Mama wee! Ungo kule, mahindi kule, mimi nikakimbilia kwa jirani. Nilirudi nikanyata, nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto. Alinuka jasho la safari, na mzimu haunuki jasho. Hapo ndipo nilipomwangukia shingoni, nikilia, na katikati ya kilio nikimtukana. Miaka yote hiyo, hata salamu! Akasema alikuwa akiona aibu kurudi mikono mitupu, na kila mwaka aibu ilizidi, mpaka kifua kilipojaa vumbi wakamwambia kazi basi.

Nikampeleka kwa mama, nyumba ya pili kutoka kwangu. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama muda mrefu, kuanzia mabuti mpaka nywele zilizoanza mvi. Nilidhani ataanguka. Akasema, "Karibu, mgeni," akaingia ndani, akafunga mlango.

Baba mdogo Salvatori ndiye aliyetueleza. Mtu ambaye matanga yake yamekwisha haingii kwa mama yake wala hali chungu chake kama mwana, mpaka aitwe atoke kwa wafu. Mama anasimama mlangoni, anamwita jina lake mara moja. Moja tu, kwa sababu mfu haitwi mara mbili. Naye anasimama nje ya uwanja, anaitika kwa Kipimbwe, kama mtoto anavyomwitikia mama yake. Akiitika hivyo, anaingia, ananyolewa, anakula, na mtoto aliyepewa jina anatafutiwa jina lingine. Akikosea, basi, jina limebaki kwa mtoto. Salvatori alisema aliwahi kuona jambo hilo likifanyika utotoni mwake.

"Upuuzi!" nikamwambia.

"Mwacha mila ni mtumwa," akanijibu, akaendelea na ugoro wake.

Tukaenda kwa padri. Padri akacheka sana, akasema Kasimiri yuko hai, nendeni mkale. Rahisi kusema. Huyo huyo ndiye aliyekwisha kumwombea raha ya milele.

Kwa hiyo kaka akawa anakaa kwangu, analala jikoni, na kila asubuhi ananiuliza neno moja, "Amesemaje?" Nami namjibu bado. Nilimwambia apuuze, ajenge, aombe shamba la kijiji, atafute mke. Akasema, "Marsela, shamba si hoja. Nataka mama aniite." Mtu mzima, mvi kichwani. Niligeuka nikajifanya napuliza moto.

Na maisha yenyewe yalimkataa. Aliamka gizani akiuliza kama king'ora kimelia. Alishika jembe siku mbili, malengelenge yakapasuka. Alimwita balozi wa nyumba kumi "bwana," akafokewa mbele ya watu kwamba hapa hakuna bwana, hapa tuna ndugu. Bendera hakuijua, wimbo wa taifa hakuujua, nchi yenyewe ilikuwa imebadilika jina nyuma ya mgongo wake. Alipofungua mdomo, Kiswahili, Kibemba cha migodini na Kipimbwe vilitoka vimechanganyika kama makande. Wanawake kisimani walikuwa wakimcheka. "Asiyekuwepo na lake halipo," walisema, nikawapa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Mama nilimfuata nikamfokea kabisa, Mungu anisamehe. Nikamwambia ana roho ngumu. Alikuwa anachagua mchele, hakuinua kichwa.

"Nilimlilia nikamaliza," akasema. "Unakisikia kile kifua? Nikimwita, halafu akafa tena, nitamlilia na nini?"

Nikakaa chini, nikachagua mchele naye.

Kaka akawa na tabia ya kwenda kuketi nje ya uwanja wa mama kila alasiri, juu ya kinu kilichopasuka, hasemi kitu. Siku moja mvua ikamkuta pale, asiondoke. Akawa anakohoa, anakohoa, mwili mzima unatikisika. Mama akamtazama kupitia ufa wa mlango. Mvua ilipokatika akaja kwangu mwenyewe, miguu ina matope, akasema, "Mwambie baba yako mdogo. Jumapili baada ya misa."

Jamani, furaha ya kaka siku zile! Alinyoa ndevu, akaazima shati la mume wangu. Akapita kwenye majaruba ya mpunga akirudiarudia lile neno letu la kuitikia mama, neno ambalo mtoto kwetu analijua kabla ya kuota meno. Watu walimsikia wakatabasamu, hata wale wa kisimani. Akaniuliza, "Nasema sawa?" Nikamwambia sawasawa kabisa. Na kweli alikuwa anasema sawa.

Jumapili jua lilikuwa kali. Ukoo ukakusanyika, Salvatori na fimbo yake kando ya mlango. Kaka akasimama nje ya uwanja. Mimi nilijifungia nyumbani kwangu na mwanangu, Kasimiri mdogo, nimemziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu yeye akisikia jina lake angeitika mbio, na siku ile jina halikuwa lake. Nilichungulia dirishani.

Mama akatoka. Akavuta pumzi, akaita.

"Kasimiri!"

Haki ya Mungu, haikuwa sauti ya kikongwe. Ilikuwa ile ile ya zamani, ya kutuita jioni tutoke mpungani tuje kula. Hata mimi mwili ulinisisimka, kidogo niitike. Na kaka yangu, machozi yanamtiririka, akaitika kwa sauti kubwa, yenye furaha.

"Mukwai!"

Kule Kopabelti, ukiitwa na mtu unayemheshimu, ndivyo unavyoitika. Mukwai. Miaka yote alikuwa ameitwa na mabwana, na wazee, na mama wenye nyumba, akiitika hivyo. Moyo ulisikia mama, mdomo ukaenda na njia uliyoizoea.

Hakuna aliyecheka. Kaka mwenyewe alishtuka, akajishika kinywa, halafu akalisema neno letu. Akalisema tena, na tena, akipiga kelele, akilia kama mtoto aliyepotea sokoni Kashaulili, Mpanda mjini. Mama akamgeukia Salvatori. Mzee akatazama chini.

"Maji yamemwagika," akasema. "Aliyeitika ni mtu wa huko."

Mama akashika mwimo wa mlango, akaingia polepole. Mimi nilitoka nimechanganyikiwa, nikamwambia baba mdogo mambo ambayo mwanamke wa kwetu hamwambii mkwe wala baba. Nikamwambia Mungu atamwita na yeye siku moja, tuone ataitika lugha gani. Alikuwa analia na yeye, mzee wa watu, lakini mila hakuibadilisha.

Kaka alibaki kijijini. Aende wapi? Alijenga kibanda mwisho wa mstari wetu wa nyumba, akawa anasuka vikapu kwa sababu kifua hakikuruhusu zaidi. Watu wakampa jina la Mukwai. Mwanzoni lilikuwa la utani, baadaye likawa jina tu, hata watoto waliozaliwa nyuma hawakujua lingine. Mama hakumnyima kitu. Kila siku alipika, akachukua bakuli lake zuri la maua, lile la wageni, akalifunika, akaniambia, "Mpelekee mgeni." Siku nyingine alimwita akae barazani wazungumze habari za mvua. Mgeni hazuiwi kuingia, si ndiyo? Akawa anaingia, anakalishwa kwenye kiti, anapewa maji ya kunawa kwanza. Wanakula mkao wa mgeni na mwenyeji, kila mtu na sahani yake. Mwanangu ndiye aliyekula sahani moja na bibi.

Mwaka wa sabini na nane mama akaugua, akalala, hakuinuka. Sisi tulikuwa kwenye mavuno, kwa hiyo kaka ndiye aliyeshinda naye mchana. Alimfukuzia nzi, alimnywesha maji kwa kijiko. Mama alikuwa akimshukuru kila mara, "Asante, mgeni, Mungu akulipe."

Siku ile nilifika na uji, jua liko juu. Mama alikuwa amefumba macho. Ghafla akayafumbua, akaita kwa ile sauti.

"Kasimiri!"

Mwanangu alikuwa darasani, ng'ambo tu ya barabara. Kaka yangu alikuwa pale pale, amepiga magoti kando ya kitanda. Na safari hii mdomo haukumkosea. Aliitika kwa neno letu, taratibu, jinsi mtoto anavyoitika kwetu.

Mama akageuza uso, akamtazama. Akatabasamu kwa adabu.

"Samahani, mgeni wangu, nakusumbua," akasema. "Hebu niitie mwanangu."

Nilifungua mdomo niseme. Kaka akanitazama, akatikisa kichwa. Akainuka kwa kushikilia ukuta, akatoka nje. Nikamsikia anavuka barabara huku akikohoa, kisha akasimama nje ya darasa, akaita kwa nguvu zote zilizobaki katika kile kifua.

"Kasimiri! Kasimiri, njoo! Mama anakuita!"