Ndoo Moja Kwenye Difu

Abdulmalik alikuwa na miaka hamsini na saba, na thelathini kati ya hiyo alikuwa ameimaliza chali, chini ya malori, katika gereji yake ya mabati kando ya barabara kuu pale Same. Kazi aliyosifika nayo ilikuwa moja: kunyoosha gamba la difu, lile bomba nene la chuma linalobeba magurudumu mawili ya nyuma. Likipinda hata kwa upana wa ukucha, gari hukimbia kiubavu kama mbwa. Mafundi wengine walilipiga nyundo. Yeye alitumia nyuzi mbili za kupimia mnyooko, moto wa gesi na subira. Lakini ukweli usemwe: malori yalikwisha kumchosha. Tangu ujana alitamani kushika gari la mashindano, na kila mwaka magari hayo yalimpita yakimwachia vumbi.

Ndiyo maana Rodrick alipolileta lake asubuhi ile, moyo ulimruka. Rodrick ni mtoto wa kijiji cha Suji aliyepata mali Dar es Salaam. Alikuwa akifanya mazoezi kwenye njia za vumbi za Kihurio, akagonga kidaraja cha mfereji wa mpunga, na sasa gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa linatazama nje. Zilibaki siku mbili kabla ya mashindano ya Tanga. Abdulmalik akafunga nyuzi zake, akapima, akasema litanyooka.

"Likinyooka, mzee wangu, wewe ndo fundi wangu," Rodrick akamwambia. "Tanga tunaenda wote, na jina lako tunaliandika mlangoni."

Kabla moto haujawashwa, Rodrick, ambaye anapenda kupendwa, akawatangazia watu waliojaa gerejini kwamba leo ni msaragambo. Mpare haambiwi hilo mara mbili. Msaragambo ni kazi ya wote, na kwenye kazi ya wote hakuna anayekunja mikono. Atakayekunja atasemwa mpaka kwa wajukuu. Watu wakavamia. Huyu kashika jeki, yule kabeba mawe, na wengine wakapanga foleni na ndoo za maji ambazo hakuna aliyeziomba.

Abdulmalik akawaeleza taratibu. Chuma kilichopashwa moto hujivuta kikipoa, na mvuto huo ndio unaolirudisha gamba mahali pake. Kwa hiyo kiachwe kipoe chenyewe. Akachoma ukanda mwembamba mpaka ukawa mwekundu, akazima gesi, akachutama kungojea. Hapo ndipo Mzee Melkizedeki, mwenye lori la tangawizi za Myamba, mzee wa kanisa na mteja wake wa miaka kumi, alipoona aibu kusimama bure. Akamwaga ndoo nzima.

Chuma kililia. Abdulmalik akageukia nyuzi zake. Mtu aliyempa shikamoo asubuhi ile angemfokea vipi mbele ya watu, tena kwenye msaragambo, ambako anayesaidia hafukuzwi? Kutomkemea ndilo lilikuwa kosa lake, na hakuwahi kulikana. Nyuzi zilionyesha magurudumu yamekaa sawasawa, watu wakashangilia. Yeye akamvuta Rodrick kando.

"Usilikimbize," akamwambia. "Lile gamba limeshtuka kwa maji. Niachie mpaka kesho nilikague kama halina ufa."

"Fundi, si limenyooka? Uzi wako mwenyewe umesema."

Akaondoka nalo saa nane mchana, peke yake.

Siku ya kwanza ya mashindano Rodrick aliongoza. Abdulmalik aliitazama video kwenye simu ya mkewe, Mwanaidi. Rodrick alikuwa akiwashukuru watu wote wa Same kwa msaragambo wao, na mlango wa gari nyuma yake haukuwa na jina la fundi yeyote. Mwanaidi akauliza mbona hakutajwa. Akajibu kwamba labda kesho.

Kesho yake gamba likakatika palepale palipomwagiwa maji, gari likapinduka. Rodrick alitoka na michubuko tu, na safari hii alimtaja: Abdulmalik wa Same, fundi aliyemwunguzia difu. Ushindi ulikuwa wa wote. Ufa ukawa wa mtu mmoja. Waliobeba ndoo waliiona video ile, na hakuna hata mmoja aliyefika gerejini kusema pole.

Baada ya wiki moja Abdulmalik akamfuata Mzee Melkizedeki nyumbani, akamwamkia, akamwomba awaambie watu jambo lilivyokuwa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye alikuwa anasaidia tu. Mambo ya vyuma wanayajua mafundi.

Mwezi uliofuata lori la tangawizi liliingia shimoni, gamba lake likapinda. Mzee Melkizedeki akapita nalo polepole mbele ya gereji ya Abdulmalik, akampungia mkono, akalipeleka kwa fundi mwingine, Mwanga.