Ncha za Mifupa Zilizopotea

Kwa miaka kumi na tisa Mama Brashi aliosha mifupa ya kale katika ghala la watafiti, na hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Alikaa na beseni lake, akisugua taratibu mifupa ya wanyama iliyofukuliwa kwenye kambi ya wawindaji wa zamani za kale.

Akaja mkuu mpya wa ghala, mtu wa kuhesabu kila kitu. Akakuta mifupa ya miguu imejaa tele, ila karibu yote ni vipande vya katikati. Ncha zake nene, za kwenye viungo, hazipo.

"Mama, ncha zimekwenda wapi?"

"Mifupa imekuja hivyo hivyo, mkuu."

"Yote?"

"Yote. Mimi naosha tu, siumbi."

Mkuu hakucheka. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na tangu jioni ile mlinzi akawa anampekua mkoba. Wafanyakazi wenzake wakawa wananyamaza wakimwona. Naye akaanza kumtilia shaka kila mtu: mlinzi, mpiga picha, hata mikono yake mwenyewe. Je, huwa naivunja nikisugua?

Jumapili alikwenda kwa shemeji yake, muuza nyama.

"Shemeji, nipe mifupa minne ya miguu ya ng'ombe."

"Una wageni?"

"Nina kesi."

Akaipasua kwa jiwe, akatoa uboho kama walivyofanya wawindaji, kisha vipande akawarushia mbwa wawili wa shemeji. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho kodo. Vipande vya katikati, vigumu na vikavu, mbwa walivitafuna kidogo wakaviacha. Ncha laini zenye mafuta walizigombania, wakazisaga mpaka hazikubaki hata chembe.

Jumatatu alivipanga vipande vilivyoachwa na mbwa kando ya vile vya kale. Mkuu akashika lenzi, akainama muda mrefu. Vyote vilikuwa na vishimo na mikwaruzo ya meno. Vya kale vilikuwa na vishimo vikubwa zaidi.

"Fisi," alisema hatimaye. "Watu walipohama, fisi waliingia kambini."

"Basi mpekue fisi."

Mkuu alimwomba radhi mbele ya wote, akampa kazi ya kutenga mifupa yenye alama za meno. Mama Brashi aliipokea kwa furaha, maana aliiweza. Lakini wenzake waliporudi na vicheko vyao, aliwaitikia salamu tu. Ilimchukua miezi kuacha kujiuliza ni nani kati yao aliyeamini kwamba ni yeye.