Sahani ya Bati Chini ya Maporomoko

Mama yangu akilala mchana, mikono yake hubaki kazini. Hukaa mapajani, viganja juu, kisha huanza kuzunguka taratibu, huku na huku, mara inainama kidogo mbele, kama imeshika karai. Zaidi ya miaka thelathini aliosha mchanga wa dhahabu kwenye mwalo, pale mawe yaliyosagwa yanapopitishwa majini, katika kijiji chetu upande wa Bugarama. Ajabu yake ni kwamba usingizini mikono ile haitetemeki. Akiamka ndipo tabu inapoanza: kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili na bado kinamgonga meno. Daktari alisema ni zebaki, ile aliyokuwa akiichanganya na mchanga kwa vidole vitupu ili ikamate dhahabu. Akasema pia kwamba akirudi kule, safari hii hatatetemeka mikono tu.

Ndiyo maana nikamhamishia kwangu Kahama. Sikumwomba, nilimchukua. Mimi sina subira, na wateja wa dukani kwangu wanalijua hilo kabla hata hawajaulizia bei ya kitenge. Nilimpa chumba chenye dirisha la uani, nikamnunulia godoro jipya, na yeye akakaa humo kama msafiri aliyepitwa na basi. Mkoba wake haukufunguliwa. Karai lake alilizungushia khanga kuukuu akalisukuma chini ya kitanda.

Kila asubuhi nilimwamkia, naye aliitika, "Marahaba, ng'wanone," yaani mwanangu, halafu haraka haraka akaongeza: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi huu mwezi wa pili, hata mchicha wa kuchambua sipewi."

Tuligombana kwa hilo mara nyingi. Ningempaje kisu mtu ambaye kijiko kinamtoroka? Yeye alitaka kurudi mwaloni, mimi nilitaka aishi, na kila mmoja alimwona mwenzake mkaidi. Nadhani wote wawili tulikuwa sahihi.

Chama chetu cha akina mama wa sokoni kina desturi ya kutoka mara moja kwa mwaka. Mwaka ule mwenyekiti wetu, mama wa Kitanga anayeuza mashuka kwa sauti ya kuuzia samaki, alitangaza kwamba tumechoka kwenda kwenye harusi za watu. Tutakwenda hifadhini, upande wa Kagera, kuona maporomoko ya maji. Kosta imekodiwa, kitenge cha sare kimechaguliwa, mwenye mama aje na mama.

Nilipomweleza mama yangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Maji? Nimeinamia maji tangu meno yangu yote yakiwepo. Leo nilipiwe kiingilio nikayaangalie?"

Siku mbili baadaye alinijia jikoni asubuhi, bado ana alama ya mto shavuni. "Nimeyaota tena," akasema.

Nilijua anachosema. Kwa miaka mingi alikuwa akikiota kijito cha kijijini kwetu, jinsi kilivyokuwa alipoolewa pale: maji maangavu, mchanga wa chini unahesabika. Mimi kijito hicho sikukijua. Ninachokikumbuka mimi kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na baadaye hakikuwa na rangi yoyote maana hakikuwepo.

"Nitakwenda," akasema mama. "Lakini Jumatatu unirudishe mwaloni. Wewe mwenyewe, usimtume mtu."

Nikakubali. Nilikubali kijanja, nikidhani siku moja ya kupumzika itambadilisha, kisha nikaogopa, kwa sababu mama yangu ahadi haisahau.

Tuliondoka alfajiri ya Jumamosi, tumeshona sare moja, kijani na manjano, na ndani ya Kosta tulionekana kama shamba la alizeti lililopakiwa. Akina mama waliimba mpaka Ushirombo, halafu usingizi ukawachukua mmoja mmoja. Mimi sikulala. Nje ukungu ulikuwa umekaa juu ya majaruba ya mpunga, ng'ombe wanatokea ndani yake nusu, pembe kwanza, kisha wanapotea. Sijui kama nilikuwa macho kikamilifu. Nakumbuka vijiji vinapita bila sauti, mabanda ya kukaushia tumbaku, mwanamke anafagia barabara yote kana kwamba ni uwanja wake. Kando yangu mama alikuwa amelala, mikono yake inazunguka mapajani, inaosha, inaosha. Niliitazama nikaichukia ile Jumatatu.

Langoni alitupokea mwongozaji, dada mrefu mwenye magwanda ya kijani na buti zilizopigwa rangi. Alimwamkia mama yangu kwa kupiga goti kidogo, na mama akampenda papo hapo. Kisha akatupa masharti, bila kucheka. "Jani, jiwe, ua, hata mchanga, vyote hapa vina wenyewe. Kilichomo humu kinabaki humu. Na tafadhalini, akina mama, sauti."

Mwenyekiti akasema amesikia, kwa sauti iliyorusha ndege wawili.

Tulitembea kama saa moja na nusu. Njia ilikuwa nyembamba, miti imekutana juu, mwanga unashuka vipande vipande. Mwongozaji alituonyesha kinyesi cha tembo, tukakizunguka kwa heshima. Alitueleza mti gani unatibu nini, na mwenyekiti akauliza upi unatibu waume. Mama alikuwa nyuma na fimbo yake. Nilimuuliza kama amechoka, akaniambia nimwache, anasikiliza. Nikasikiliza nami. Mwanzoni nilidhani ni upepo. Kisha nikadhani ni karasha, zile mashine za kusagia mawe zilizonilea, maana mlio mzito wa aina ile mimi naujua mmoja tu. Nikakasirika kabisa, nikasema moyoni, hata huku wamefika?

Yalikuwa maji. Tulikata kona na yakawa mbele yetu, yanashuka kutoka juu sana, meupe, polepole kuliko nilivyotegemea. Ukikazia macho tone moja unaliona likishuka lenyewe, halina haraka. Manyunyu yalitulowesha nyuso. Hakuna aliyesema, hata mwenyekiti. Nilijisikia nimeingia ndani ya usingizi wa mtu mwingine, na nilijua wa nani. Mama alivua viatu akavipanga pembeni, kama mtu anayeingia nyumbani kwa mtu, akaingia kwenye ukingo wa bwawa lililo chini ya maporomoko, maji yakamfika kwenye vifundo. Chini ya miguu yake mchanga ulihesabika.

"Ndiyo haya," akasema.

Tulikula pale juu ya mawe, wali na kuku kwenye sahani za bati. Baada ya chakula wengine walipiga picha, wengine walijinyoosha, na mimi nilijilaza nikafumba macho kidogo. Nilipofumbua, mama alikuwa amechuchumaa majini, kitenge amekipandisha magotini, ameshika sahani yake. Nilidhani anaiosha. Kisha nikaona imejaa mchanga.

Nilitaka kupiga kelele, sikuweza, kwa sababu mikono yake ilikuwa imetulia. Ilizungusha ile sahani kama zamani, kulia, kushoto, ikaiinamisha, maji yakachukua mchanga mwepesi yakaondoka nao, ikazungusha tena. Hakukuwa na mtetemo hata kidogo. Miezi miwili nilimnyang'anya mtu huyu vijiko. Nilishuka hadi pale nikachuchumaa karibu yake, nikamwacha aoshe.

Hapo niseme jambo moja la mwaloni. Nilipokuwa mdogo, somo la kwanza mama alilonipa halikuwa la kuosha, lilikuwa la kunyamaza. Ukiona mali, yaani dhahabu, kwenye karai, usipaze sauti, usitabasamu, usibadili hata pumzi. Endelea kuosha kama mtu asiyeona kitu. Wenzetu wote walifanya hivyo, lakini mama alizidi, uso wake uligeuka kuwa kama mlango uliofungwa. Siku nilizomwona hana uso ndizo siku tulizokula nyama.

Mchanga mwepesi uliisha. Ukabaki ule mweusi, mzito, robo ya kiganja. Mama akauzungushia maji mara ya mwisho, ukajitandaza, na nyuma yake ukafuata mstari mwembamba wa manjano, mrefu kama kucha ya kidole kidogo. Mkia, tunauita hivyo. Mawe maangavu ya kudanganya humetameta ukiyageuza kwenye jua na kuzimika kivulini. Mama aliuweka mkia ule kwenye kivuli cha kichwa chake mwenyewe. Haukuzimika.

Nikamtazama. Hakuwa na uso.

"Mayu wa Bugarama!" mwenyekiti akamwita mama kwa kilugha chetu kutoka juu ya jiwe, anacheka. "Umeshindwa kuacha kazi hata hapa? Vipi, kuna mali?"

Akina mama wakainua vichwa. Nusu yao wana waume mashimoni, nusu wanauza kwa watu wa mashimo, na hakuna asiyejua habari ya aina ile husafiri vipi. Neno moja tu, jioni liko Kahama, kesho liko Katoro na Geita, na keshokutwa ni rashi, watu na sururu na pampu na vibanda vya maturubai.

Mama akainua kichwa, akacheka ule mcheko wake wa mbavu. "Mali gani? Mchanga mtupu! Mikono tu ndiyo inawasha."

Wakacheka wote. Mwongozaji alikuwa ameshatufikia, amekunja uso. "Bibi, nilisema hata mchanga."

"Ulisema, mwanangu. Nisamehe. Kilichomo humu kinabaki humu." Mama akaiinamisha sahani ndani ya maji, taratibu, mpaka ikawa safi. Ule mstari wa manjano ulisimama kidogo ukingoni, kisha ukashuka. Akaisuuza sahani mara mbili, akanipa niishike. Alipoiachia, mikono yake ikaanza kutetemeka.

Wakati wa kurudi jua lilikuwa limeinama upande wetu wa Kosta. Wenzetu walilala tena. Nilijua mama hajalala kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka.

"Uliona?" akaniuliza, anatazama dirishani.

"Niliona, mama."

"Hukuona."

"Sikuona."

Tulipita madaraja mawili. Kisha akazungumza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenielekeza chumvi ilipo.

"Kule kwetu, mimi ndiye niliyesema. Nilikuwa nasugua sufuria kwa mchanga wa kijito, wewe nimekubeba mgongoni. Nikaona mkia kama ule. Nilikuwa binti, ng'wanone, sijui kitu, nikafurahi. Nikapiga kelele nikamwita mama mkwe aje aone. Tulicheza ngoma pale pale majini. Mpunga ulikuwa bado haujavunwa. Ulipofika wakati wa kuvuna, yale maji maangavu hayakuwepo."

Nilifikiria ile miaka yote ya kunyamaza aliyonifunza, na mimi nilidhani ni ujanja wa kazi. Nilifikiria kwamba nilikuwa mgongoni mwake, yawezekana nami nilicheka. Nikamshika mikono yote miwili, nikaibana kwangu, na sikujali kama naiumiza. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, sijui nilimkasirikia nani.

"Maji yale ni mazuri," akasema. Halafu akalala. Niliitazama mikono yake mapajani kuanzia Runzewe hadi tulipoingia mjini, nikingoja ianze kuosha. Ilikuwa imelala.

Jumapili hakuitaja ahadi, nami sikuthubutu. Jumatatu niliamka mapema nikavaa nguo za safari, nikapiga pasi khanga zake mbili, nikaenda kugonga mlango wake. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitampeleka bila kulia. Chumba kilikuwa kitupu. Mkoba ulikuwa umefunguliwa, nguo zimepangwa juu ya stuli. Nilichungulia chini ya kitanda nikaliona karai, bado limo ndani ya khanga kuukuu.

Nilimkuta uani, nyuma ya nyumba, kwenye kile kipande cha ardhi ninachotupia maganda. Alikuwa ameshang'oa magugu kwa mkono, amechora mistari minne kwa fimbo yake, imepinda yote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema, akaninyooshea mkono unaotetemeka. "Siku ya tatu imefika. Nipe jembe."