Siku Bibi Alipoambiwa Moto Unakuja

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Rumonge kabla simu hazijaota tochi, giza likiingia mtu alijulikana kwa sauti yake. Tulicheza kombolela mpaka wazazi wakachoka kuita, kisha tukala ugali wa muhogo na ndagala, yaani dagaa, wa mawese tumezunguka kibatari, na mjanja aliutumia ule mwanga hafifu kujiongezea samaki. Watoto wa leo ukiwaambia kwamba asubuhi tulipenga makamasi meusi kwa moshi, wanadhani unawatungia hadithi.

Sisi tulikuwa tumerudi Burundi kutoka ukimbizini Tanzania. Kiwanja chetu kilikuwa na kesi, kwa hiyo Baba, ambaye ni seremala, alijenga nyumba ya mbao na mabati iliyoshikana kwa boliti, ili tukiambiwa tuondoke, tuifungue twende nayo. Tulishaihamisha mara moja kutoka Gatete. Majirani wakaiita Valizi, yaani sanduku la safari. Hata Kiswahili chetu walikicheka: sisi tukisema shati, wao shimizi, sisi kibatari, wao katadowa. Tulizoea, na sisi tukawacheka wao.

Baba akaamua kutuwekea umeme. Hakumwambia Bibi, mama yake, kwa sababu alitaka iwe zawadi. Asubuhi ya siku yenyewe yeye na Mama walitoka, tukabaki watoto na Bibi. Fundi Bosco, Mrundi wa pale pale ambaye hakuwahi kukimbia nchi, akapita na baiskeli akaacha ujumbe mlangoni.

“Amahoro, mama. Mukae tayari, mchana tunakuya kuwaletea moto mu nyumba.”

Kwa Kirundi umuriro ni moto wa jikoni na ndio huo huo wa kwenye nyaya. Lakini Bibi alikimbia kutoka Kigwena akiwa bado mke kijana, nyaya hazijafika huko, na moto alioujua yeye ni ule uliokula nyumba yake ya kwanza. Alimshukuru Bosco kwa adabu, “murakoze,” akangoja apotee barabarani. Kisha akatuagiza tulete spana.

Kwetu ulikuwa mchezo mtamu kuliko yote. Nyumba ile tuliijua kila boliti, na ni nani aliyewahi kuruhusiwa kubomoa kwao kwa amri ya bibi yake? Baba na Mama waliporudi na Bosco, ukuta wa mbele ulikuwa umelala kwenye nyasi, masufuria yamefungwa kwenye kitenge, na Bibi amekaa juu ya mabati, mchi mapajani.

Baba akamuuliza kulikoni. Bibi akamwonyesha Bosco kwa kidevu.

“Huyu amesema analeta moto. Ile nyumba ya kwanza niliiacha ikiwaka. Hii naondoka nayo.”

Hakuna aliyecheka. Bosco aliweka chini mfuko wake wa vyuma, akachuchumaa mbele yake.

“Hapana, mama. Si moto ya kuchoma. Ni ya taa.”

Tuliurudisha ukuta mahali pake, kisha Baba na Bosco wakafanya kazi yao Bibi akiwasimamia. Nyumba ya kufunguliwa haikubaliwi kubeba mita, kwa hiyo walisimika nguzo pembeni, mita ikakaa juu yake, na waya wa kuingia ndani ukaachwa umelegea kidogo. Chini ya nguzo Bosco alizika chuma kirefu. Bibi akauliza cha nini. Akaambiwa umeme ukipotea njia unapita humo kwenda ardhini, usimdhuru mtu. Akasema basi kizikeni sana.

Jioni taa ikawaka. Sisi tukaruka ruka. Bibi aliitazama muda mrefu, akauliza kama ina joto, kisha akalia. Kesho yake alianza kupanda migomba nyuma ya nyumba.

Bibi hayupo tena. Kesi ilikwisha salama, na pale pale pana nyumba ya matofali ninayoishi na wanangu. Wao hawajui Kiswahili cha Tanzania. Wanasema kama Bosco. Umeme ukikatika wananuna kana kwamba kuna msiba, wanakaa mlangoni na simu zilizozima, wakilalamika: “Mama, moto imeenda. Itarudi saa ngapi?” Mimi hucheka gizani, kisha machozi hunilengalenga. Laiti angekuwepo awasikie, vitukuu wake, hapa hapa Rumonge, wakiuomba moto urudi.