Pikipiki Iliyomfuata Baba

Mama alisema pikipiki ya baba imemfuata mwenyewe. Alisema hivyo bila kulia, akichagua maharagwe kwenye ungo, na hakuinua macho. Baba alizikwa kwetu Moiben, na tangu hapo ile pikipiki haikufika mbali. Ndugu zangu walijaribu, majirani wakajaribu, wakachoka. Mama alipohamia kwangu Eldoret, ilikuja naye juu ya lori la mahindi, nikaiegesha chini ya paa nyuma ya jikoni. Kila akipita hapo aliangalia upande mwingine.

Mimi sina subira na habari za vyuma kufuata wafu. Lakini nilijua kwamba kwa mama hii haikuwa habari ya chuma. Miaka yote alipanda nyuma ya baba, ameketi upande, na akishakaa sawa alimgonga mgongoni kwa kiganja mara mbili, baba akaondoka. Sasa alikuwa amekataa kwenda kokote. Kanisani hakwendi. Kwa dada yake Chepkoilel, ambako tungefika chai ya nyumbani ikiwa bado tumboni, hakwendi. Nikimbembeleza ananijibu kwamba safari zake zilikwisha na aliyekuwa akimbeba.

Halafu baba mdogo akapiga simu kwamba Jumamosi atakuja na pikapu, aichukue pikipiki akaiuze kama chuma chakavu. Mama akamwambia sawa. Hiyo "sawa" iliniudhi kuliko kitu chochote mwaka huo. Niliona wazi kwamba pikipiki ikipandishwa kwenye ile pikapu, mama hatatoka tena nje ya lango langu. Nikaapa itawaka kabla ya Jumamosi, na nikishaapa jambo huwa sivumiliki; waulize wanafunzi wangu.

Ni pikipiki ya zamani, imenizidi umri, na baba alinifundisha kuifungua kwa sababu ndugu zangu walipenda kuiendesha tu. Alikuwa akisema injini ni jiko: inataka moto na inataka kuni. Ikikataa kuwaka, usikimbilie kufungua kila kitu, tafuta kwanza ni kipi kimekosekana.

Nikaanza na moto. Nilichomoa plagi, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, nikapiga kiki. Cheche ilitoka hafifu, ya manjano, imechoka kabisa. Nikafungua pointi, vile vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche ipatikane, nikakuta vimeshika utando mweusi. Nikavisugua kwa msasa laini na kuvifuta. Cheche ikarudi na rangi ya buluu. Nikatia petroli mpya, nikapiga kiki tena na tena, ikanguruma, na huko jikoni nikasikia sufuria zimenyamaza.

Nilitoka nayo langoni nikiwa na kiburi chote cha mwalimu aliyepata jibu. Nilifika madukani, ikakohoa, ikazima. Nikaisukuma kurudi huku wauza mboga wakinipa pole. Ilipopumzika ikawaka vizuri, nikatoka tena, ikazima palepale. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Si niliwaambia," alisema. "Iache ipumzike."

Kesho yake nikamwita fundi mmoja wa mtaani Huruma, mtu mcheshi ambaye hutengeneza bodaboda za mtaa mzima. Aliizunguka ile pikipiki akiishika hapa na pale kwa heshima.

"Madam, hiyo iko na shida ya koili," akasema. "Koili kama imezeeka, ikishika joto inakufa. Ikipoa inafufuka. Ndio maana inakuchezea."

Maelezo yake yalikuwa na akili, maana koili ndiyo inayotoa umeme wa cheche, na karibu nimtume akatafute koili nyingine. Lakini nikakumbuka baba akiniambia kwamba ugonjwa unaokuja na kuondoka huulizwa ukiwa umekuja. Basi nikatia spana ya plagi mfukoni, nikawasha, fundi akanifuata kwa bodaboda yake. Palepale madukani ikazima. Sikuipa nafasi ya kupoa. Nilipiga magoti barabarani na sketi yangu, nikachomoa plagi ikiniunguza vidole, na fundi akapiga kiki. Cheche ilikuwa buluu, yenye nguvu. Tukaiangalia ile plagi: ilikuwa kavu, haina hata unyevu wa petroli.

"Haya, moto iko," fundi akakubali. "Hii inalala njaa."

Tukafungua kikombe cha chini ya kabureta, kile chombo kinachoigawia injini petroli. Nilitarajia kutu. Badala yake tulikuta tope jeusi tii, laini, limeziba tundu dogo la kupitishia mafuta. Injini ikinguruma tope lilivutwa juu likaziba, ikizima likashuka, ndiyo maana ikipumzika iliwaka. Nikalisugua kati ya vidole. Halikukwaruza. Nilikuwa nimeuona weusi ule utoto wangu wote, kwenye vidole vya mama, siku za kuandaa mursik, yale maziwa ya mgando ambayo kibuyu chake hupakwa mkaa ndani.

"Sasa nani ameweka makaa kwa tangi?" fundi akauliza.

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Nilijua ni nani, na niliogopa kumwambia. Mjane aliyeamini kwamba pikipiki imekufa kwa huzuni, unamwambiaje kwamba imezibwa na mkono wake mwenyewe?

Nilimkuta ameketi nyuma ya jikoni. Nikamwonyesha vidole. Alivishika, akavinusa.

"Ilikuwa inanuka," akasema. "Baada ya mazishi nilifungua pale juu, nikasikia mafuta imeharibika kama maziwa. Nikamwaga. Nikaiosha na ule ufagio wa kibuyu, nikapaka mkaa ndani vizuri, isioze. Baba yako hakupenda chombo ikae chafu."

"Ulifanya vizuri, Mama. Ni vile hainywi maziwa."

Hakucheka. Alikuwa bado anafikiria.

"Kwa hivyo haikumfuata."

"Haikumfuata."

"Ilikuwa hapa. Ni mimi nimeishika."

Ndipo akacheka, akashika ukuta, na machozi yakamtoka, ya kwanza niliyoyaona tangu msiba. Nilimkumbatia na mikono yangu michafu, nikampaka mkaa kitambaani, hakunigombeza.

Tangi alilisafisha mwenyewe. Mimi nilishika kabureta. Yeye alitia petroli kidogo na kokoto ndani ya tangi, akalikumbatia na kulitikisa kama anavyotikisa kibuyu, akamwaga, akarudia, mpaka mafuta yakatoka safi. Fundi alitaka kumsaidia, akaambiwa akae anywe chai.

Jumamosi, kabla baba mdogo hajafika na pikapu yake, mama alitoka amejifunga kitambaa kipya, kibuyu kidogo cha mursik kwapani.

"Dada yangu atakuwa nyumbani?" akauliza.

"Atakuwa."

Niliwasha. Alipanda nyuma yangu, akaketi upande, akajiweka sawa. Nilingoja, mkono kwenye klachi, nikiogopa kwamba atabadili nia.

Akanigonga mgongoni kwa kiganja, mara mbili.