Jiko Katika Chumba cha Giza

Mume wangu alikuwa fundi picha wa mwisho hapa Dongobesh kusafisha picha kwa dawa. Wenzake walishahamia kwenye simu na kompyuta, yeye akabaki na mabeseni yake na chumba cha giza kilichokuwa zamani stoo yetu ya mahindi. Nilimtania kwamba nimeolewa na popo. Wateja wake walikuwa wafiwa. Alitunza filamu za miaka mingi, na mzee akifariki, watoto walikuja kuuliza kama ipo picha yake ya ujanani ya kuweka mbele ya jeneza.

Adui yake alikuwa baridi. Mwezi wa saba huku kwetu maji ya ndoo yanauma vidole, na dawa ikipoa picha inatoka ya kijivu, imefifia. Kwa hiyo alifanya tunavyofanya sote. Aliwasha jiko la mkaa nje, akasubiri moshi uishe na makaa yaive, ndipo akaliingiza ndani. Kila mtu hapa amekua akiambiwa kwamba kinachoua ni moshi. Kaa lililoiva halina moshi wala harufu, basi halina ubaya. Tena yeye alikuwa na sababu yake ya kulipenda, kwani karatasi ya picha nyeusi na nyeupe huharibiwa na mwanga, ila mwanga mwekundu kama wa makaa hauidhuru.

"Jiko hili Mungu aliwatengenezea mafundi picha," aliniambia akicheka. "Linapasha dawa moto, na karatasi haliniharibii."

Chumba chenyewe alikuwa amekiziba ili mwanga usipenye. Nyufa alizikandika kwa udongo na samadi, dirisha akaligongelea mbao, mlangoni akatundika blanketi zito. Mwanga haukupita. Hewa nayo haikupita, lakini hewa nani anaiona?

Siku nyingine zote alikuwa akilitoa jiko mara dawa ilipopata joto. Siku ile wafiwa kutoka Tumati walikuwa wanataka picha ya baba yao kabla ya maziko, na upepo ulikuwa mkali, dawa inapoa haraka. Akaliacha ndani.

Nilirudi sokoni mchana. Mlango ule haufunguliwi mpaka mwenyewe aitikie, la sivyo kazi inaharibika. Nikaita, "Baba, nifungue?" Nikaita tena, kisha nikausukuma kwa bega.

Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, kama mtu aliyechoka akapumzika kidogo. Makaa yalikuwa bado mekundu. Kwenye beseni la mwisho picha ya mzee wa Tumati ilikuwa imetoka safi, nyeusi yake nyeusi na nyeupe yake nyeupe. Sikuwahi kuona kazi yake nzuri kama ile, na niliichukia.

Daktari alinieleza kwamba makaa yaliyoiva nayo hutoa sumu. Haionekani, hainuki, na anayeivuta huweza kusikia usingizi tu. Akasema ingetosha kuchemsha maji nje, kuyamimina kwenye karai, na kuliweka beseni la dawa humo ndani ya karai. Jiko lisivuke kizingiti. Nilimsikiliza nikiikumbuka sufuria yangu ya maji ya moto, iliyokuwa jikoni tangu asubuhi. Baadaye watu walisema sikio la kufa halisikii dawa. Walinikasirisha sana. Nani aliwahi kumwambia?

Wafiwa wa Tumati walikuja kwa aibu. Kijana wao alisema, "Shikamoo mama, pole." Nikampa picha ya baba yake, akaipokea kwa mikono miwili.

Jioni ya maziko ya mume wangu baridi ilizidi. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka na wanawake wa jirani, chumba kimejaa, watoto wamelala mapajani. Mmoja akafunga dirisha, mwingine akafunga mlango na kuziba upenyo wa chini kwa kanga. Kisha dada wa marehemu akaingia na jiko, makaa yameiva vizuri, hayana moshi hata kidogo. Akaliweka miguuni pangu.

"Ota moto, wifi yangu," alisema. "Utaugua."

Nililibeba kwa mikono mitupu, nikalitupa uani. Nikafungua mlango, nikafungua na dirisha.

"Mwacheni," bibi mmoja akasema taratibu. "Ni uchungu."

Halafu akainuka kwenda kuufunga mlango.